Jeyaseeli Savarimuthu, Aliyeukataa Ukuta wa Makaburini

Marehemu Jeyaseeli Savarimuthu alizaliwa Poonthottanur, Tamil Nadu, tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa Mzee Savarimuthu, mpiga ngoma za misibani, na Mama Lourdammal. Alibatizwa katika kanisa hilihili, ambako wazazi wake walikaa sakafuni, kwa kuwa mabenchi yalikuwa ya watu wa tabaka la juu, wa Mtaa wa Juu.

Alisoma hadi darasa la kumi, mwaka 1974. Mwalimu alimrushia chaki ili asimguse mkono. Wenzake wanakumbuka kwamba aliidaka kila mara. Hakuwahi kuinama kuiokota.

Mwaka 1976 aliajiriwa kufagia ofisi ya kijiji, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na mmoja. Tarehe 2 Juni 1979 alifunga ndoa na Arulappan, mchimba visima. Arulappan alipofariki, 8 Novemba 1991, alizikwa nyuma ya ukuta unaoyagawa makaburi yetu, upande wa wale ambao hata wakifa huhesabiwa najisi. Jeyaseeli aliapa mbele ya jeneza kwamba yeye hatazikwa huko.

Ndipo akaanzisha kikundi cha maigizo, wanawake saba. Hawakutunga kitu. Jeyaseeli alizunguka na daftari, akaandika maneno ya watu kama walivyoyasema, akawasomea, wakatia sahihi. Kisha yakasemwa jukwaani vilevile. Mwaka 1996, walipoigiza habari za ukuta huo, Bwana Sinnappa, mwenye mashamba wa Mtaa wa Juu, alimsikia Jeyaseeli akisema: "Sisi hatubagui mtu. Ukuta ni wa kuzuia mbuzi."

Akasimama. "We mfagiaji! Nani kakutuma unitukane?"

"Sijakutukana, bwana mkubwa. Maneno ni yako, ya Jumanne, tarehe tisa Julai. Nilikusomea, ukacheka, ukatia sahihi. Nikusomee tena?"

"Msomee, dada!" wanawake wakapaza sauti. "Mwambie mbuzi wenyewe ndio sisi!"

Kesho yake paa la nyumba ya Jeyaseeli lilibomolewa. Juma lililofuata waliigiza tena, palepale.

Saratani ya ini iligunduliwa Januari 2023. Paroko alikuja kumsihi alegeze kiapo. "Mama Jeyaseeli, mbinguni hakuna ukuta. Subiri kidogo tu."

"Basi, Baba, tuanze kuzoea hukuhuku."

Alifariki nyumbani, Jumatatu tarehe 21 Agosti 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Ameacha binti, Amalorpavam, mwana, Adaikalam, wajukuu wanne, mdogo wake, Kulandai, na wanawake sita wa kikundi, ambao wamemchimbia kaburi kwa mikono yao, upande wa lango kuu. Wanaopinga wametuma ujumbe kwamba leo watasimama langoni. Wasimame. Tukimaliza kusoma, tutambeba na kupita.

Apumzike kwa amani, upande huu wa ukuta.