Mwalimu Agustina na Moto wa Kijani

Miaka thelathini na mmoja ya chaki, chupa na vidole vilivyoungua inafika mwisho Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, siku ambayo Mwalimu Agustina Okal anastaafu. Walimu wenzake tumekubaliana kutolia. Tutaona.

Aliripoti shuleni kwetu akitokea Rorya, na maabara hatukuwa nayo. Kemia ilikuwa ya ubaoni: mtoto alikariri kwamba gesi fulani inanuka yai viza, akafaulu au akafeli bila pua yake kuhusika. Agustina alianza na vilivyokuwepo, yaani maji ya rozela, limau na magadi ya jikoni. Karatasi za litmasi aliletewa na shangazi yake wa Migori, zikavuka mpaka wa Sirari ndani ya kitabu cha nyimbo. Gesi ya yai viza ilipotengenezwa kwa mara ya kwanza, mkuu wa shule aliamuru watu wapande darini kutafuta paka aliyekufa. Walitafuta hadi saa ya chakula, masikini.

Sheria yake ilikuwa moja: mwalimu hashiki kiberiti. Asiyeamini ndiye anayewasha. Wakaguzi walimlaumu kwa hilo, naye aliwaitikia kwa heshima zote kisha akaendelea vilevile.

Siku za kupima rangi za moto alifunga mapazia mchana kweupe. Nyuso za watoto zilielea gizani, za kijani, kisha nyekundu, macho yakionekana kama mashimo. Brayan, kijana wa Nyambureti, aliruka nje kupitia dirishani na hakusimama hadi stendi. Leo ni mfamasia, na bado hapendi mapazia.

Lakini yapo ambayo hatuyasimulii kwa kucheka. Mwaka 2019 alifariki jirani wa shule, Mzee Mniko. Moto wa matanga uliwashwa uani kama ilivyo desturi, waombolezaji wakauzunguka. Jua lilipozama, ndimi za moto zikageuka kijani. Wimbo ulikatika katikati ya ubeti. Mama mmoja akarusha chumvi motoni, kama tufanyavyo bundi anapolia juu ya nyumba, ili ubaya uondoke. Moto ukazidi. Ukapanda wa kijani kibichi, pembeni una bluu, na mwanga wake ukawafanya wazima wafanane na marehemu aliyelala ndani. Wakarusha tena chumvi, na kila kiganja kiliuchochea. Mwili unanisisimka ninapoandika haya, na mimi ni mwalimu wa fizikia.

Ikasemwa kwamba marehemu anakataa kwenda, kwamba kuna mtu aliyemroga. Asubuhi, kuku waliodonoa majivu walikutwa wamekufa, miguu juu. Macho yote yakahamia kwa mjane, Christina, mke mdogo, maana kuni alizileta yeye. Werema, kaka wa marehemu, alitangaza kwamba mazishi yakiisha mwanamke huyo aondoke, la sivyo yeye hatawazuia vijana. Kila aliyekuwepo alijua vijana wasipozuiliwa hufanya nini.

Agustina alisimama hapohapo msibani akaeleza. Kuni zile zilikuwa vipande vya nguzo kuukuu za umeme, alizokuwa nazo marehemu kwa ajili ya uzio. Nguzo hupakwa dawa yenye shaba, pamoja na sumu ya kuua mchwa, na sumu hiyo ndiyo iliyoua kuku. Shaba huwaka kijani, na ikikutana na chumvi huwaka zaidi. Alieleza vizuri sana. Hakuna aliyemsikiliza. Mmoja alimwambia kwamba yeye si wa kwao, akafundishe watoto. Nilimwona akikaa chini, na kusema kweli, kwa woga, hakuna mwalimu mwenzake aliyesimama upande wake.

Kesho yake alikwenda kwa Werema, akamwamkia shikamoo, akamwomba aje kwenye maabara, ambayo shule ilikuwa imeshaipata, na chumvi yake, kiberiti chake, na kuni mbili: moja ya kwake nyumbani, nyingine ya kwenye ule uzio. Mzee alikuja, panga kiunoni. Mapazia yakafungwa. Agustina akasogea ukutani, mikono nyuma, asiguse kitu.

Werema akawasha kuni yake, akanyunyiza chumvi. Njano. Akawasha ile ya uzio, akanyunyiza chumvi ileile. Uso wake ukageuka kijani gizani, na kwa kufanana kwao nikaona kama Mniko mwenyewe ndiye aliyesimama pale mezani. Akarudia. Akarudia tena, jasho linamtoka. Kisha akafungua pazia kwa mkono wake.

“Basi marehemu hakusema neno,” alisema taratibu. “Ni sisi tuliomsemea.”

Siku hiyohiyo alisimamia majivu yafukiwe chini sana pamoja na nguzo zilizobaki.

Usidhani kijiji kizima kiligeuka. Huku kwetu kiberiti kikiisha mtu huenda kuomba kaa la moto kwa jirani, lakini kwa Christina hakwenda mtu. Watoto walikimbia wakipita mlangoni pake. Wiki nzima baada ya mazishi alipika, akala na kukaa peke yake, tukajua kwamba akiendelea hivyo ataondoka bila kufukuzwa. Ndipo asubuhi moja, watu wakiwa njiani kwenda kisimani, Mzee Werema alivuka njia akiwa na kigae cha kubebea kaa mkononi, akapiga hodi kwa shemeji yake, akaomba moto.

Mwalimu Agustina, ahsante. Wanafunzi wako wapo hospitalini, migodini na madarasani, na tunajivunia wote. Ila leo chakula cha kukuaga amekipika Christina, na kuni amemkatia Werema. Karibu ule, mama. Kisha nenda nyumbani Rorya ukapumzike, Mungu akupe siku nyingi na njema.