Mkaguzi Anaingia Saa Nne

Benchi la kahawa ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, mkabala na geti la shule ya msingi, na asubuhi hiyo lilikuwa na watu watatu na birika moja. Injinia, fundi wa simu na redio, alikuwa na bisibisi nyuma ya sikio. Kaimu, mhudumu wa ofisi aliyestaafu, jina alilipata kwa kuwahi kukaimu kiti cha bosi siku mbili, na hadi leo anazungumza kama hajakirudisha. Katikati yao alikaa Ticha, mwalimu wa sayansi wa darasa la sita, kikombe mkononi. Saa nne kamili mkaguzi angeingia kwenye kipindi chake. Muuza kahawa, Dada Birika, alishamjazia mara ya tatu bila kuulizwa.

— Mara ile aliandika nini vile? aliuliza Kaimu.

— Aliandika, “Projekta iko macho, darasa limelala,” alijibu Ticha.

Muhula uliopita Ticha alirusha ukutani picha arobaini, na mkaguzi, bila haraka, akahesabu vichwa saba vilivyolala juu ya madawati. Mwalimu mkuu hakumficha kitu: likirudi hilo, sayansi anapewa mwingine, yeye akapange vitabu stoo.

— Na leo unafundisha nini?

— Uvukizi. Maji kugeuka mvuke. Nimeandaa picha thelathini na mbili.

— Umepunguza nane, alisema Injinia. Si haba.

— Usinitanie, bwana.

— Basi nisikilize. Kinachokosekana pale ni sauti. Nakuazima spika zangu mbili. Maji yakichemka kwenye picha, ngurumo inapiga. Nani atalala?

— Darasa la pili liko nyuma ya ukuta uleule. Watalia wote.

— Tufunge kamera. Mtoto akifumba macho tu, honi inalia juu ya dawati lake.

— Huyu anafundisha au analinda benki? Kaimu alidakia. Mdogo wangu, achana naye. Fanya igizo. Mtoto mmoja awe jua, arobaini na saba wawe bahari, walale sakafuni...

— Si ndio haohao wanaolala!

— Ngoja nimalize! Jua likiwagusa, wanainuka mmoja mmoja. Wewe unaning'inia darini. Wewe ndiye wingu.

— Dari ile? Dada Birika aligeuka. Ile haibebi hata popo.

Kaimu alifikiri, akapiga goti lake.

— Basi alale mkaguzi mwenyewe. Mpeni kifungua kinywa kizito, mkalisheni kiti chenye mto, dirishani kwenye jua. Akisinzia, atahesabu vichwa vya nani?

Ticha alikunja mkono wa shati. Saa yake ilisema saa tatu na dakika ishirini. Ukweli ni kwamba mkaguzi hakuwa anamuumiza kama binti mmoja wa dawati la mbele, ambaye kila kipindi hulaza shavu juu ya daftari kabla hata tarehe haijaisha kuandikwa ubaoni. Zamani watoto walikuwa wakimfuata hadi getini na maswali. Waliacha lini? Hakukumbuka.

Hapo akaja mama mmoja mshonaji, aliyefungua kibanda cha cherehani jirani wiki ileile. Aliagiza kahawa, akataka kukaa, akasita juu ya doa kavu la kahawa kwenye benchi.

— Samahani jamani. Hivi kwa nini tone la kahawa likikauka, weusi wote unakimbilia pembeni? Tazameni hapa. Katikati peupe, ukingoni pete nyeusi. Jana nimelichafua gauni la mteja, na doa lake liko hivihivi.

— Ni ubao, umeinama, alisema Injinia.

— Na gauni nalo limeinama?

Injinia alikwaruza doa kwa bisibisi. Wote wakamgeukia Ticha. Miaka kumi na moja anafundisha uvukizi.

— Sijui, alisema, na masikio yakamwaka moto.

Lakini hakuna aliyekuwa akimtazama tena. Kaimu, mtu wa magoti mabovu, alikuwa amepiga magoti chini. Injinia alishatoa lenzi yake ya kazini na kuinamia ubao. Dada Birika alikuwa ameweka birika chini. Ticha aliwatazama, kisha akasimama ghafla.

— Dada, imebaki kiasi gani?

— Vikombe viwili.

— Nimiminie yote kwenye chupa.

— Na sisi tunywe nini? Kaimu alilalamika, lakini Ticha alishavuka barabara.

Saa nne mkaguzi alikaa nyuma, daftari magotini. Projekta ilibaki mkobani. Makundi yalikuwa manane, kila kundi na karatasi nyeupe, tone moja la kahawa, na kishikwambi, kimoja kati ya vinane vya shule vilivyokuwa vikifungiwa kabatini, kimelazwa juu ya vitabu, kamera ikirekodi tone likikauka.

— Mtaniambia mnachokiona, Ticha alisema. Kwa nini inakuwa hivyo, mimi mwenyewe sijui.

Nyuma, kalamu ya mkaguzi ilianza kuandika. Dakika zilipita, matone yakaanza kukauka. Alishaiona stoo na harufu yake ya vumbi.

Kisha binti wa dawati la mbele aliinua shavu.

— Mwalimu, na maji ya chumvi nayo yanafanya hivi?

— Na wino? mwingine alidakia.

— Na tukilifunika, je?

Kelele zikapanda. Mkaguzi akafunga daftari, akainuka. Moyo wa Ticha ukapiga pa! Mkaguzi alikuja polepole hadi dawati la karibu, akavua miwani, akamwinamia mtoto aliyeziba kishikwambi kwa kichwa chake.

— Hebu sogea kidogo, mwanangu. Nami nione.