Doa Chini ya Kisigino cha Waithera

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka Waithera wa Mutuini. Ametuacha akiwa na miaka kumi na sita. Saratani ya ngozi ndiyo iliyomuua. Narudia: saratani ya ngozi, na Waithera alikuwa mweusi tititi.

Shuleni alikuwa kipa wa timu ya handiboli, na mdomo alikuwa nao. Mpira ukimpita, aliwaambia mabeki waende wakalale nyumbani, kwani uwanjani hakuna blanketi. Kwa hiyo alipoanza kuchechemea, kila mtu aliona.

Chini ya kisigino palikuwa na doa jeusi. Shosho, yaani nyanya yake, akachukua pini, akachokoa akitafuta funza. Hakupata kitu. Akasema huyo ameingia ndani sana, wangoje.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mama yake, Njambi, ana nyumba za kupangisha. Na funza, tuseme ukweli, huku kwetu ni aibu. Ukionekana nao, watu husema boma lako ni chafu. Wapangaji wangemwonaje? Njambi akamnunulia binti soksi nene, akamkataza kuvua viatu mbele ya watu. Kliniki iko pale pale barabarani. Hawakwenda. Doa likatanuka, likawa kidonda. Waithera akaomba apelekwe, akaomba tena. Njambi akapaka dawa ya funza.

Walikwenda hospitali mtoki ulipovimba kinenani. Daktari mjini akasema ni saratani, tena imeshasambaa. Njambi akamwuliza kama huo si ugonjwa wa wazungu na maalbino. Daktari akamweleza kwamba hata sisi hutupata, mara nyingi kwenye nyayo, na watoto pia, ingawa ni nadra.

Mazishini mchungaji alisoma kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi. Njambi akasimama.

"Si muda mfupi," alisema. "Huyu mtoto alikuwa ananionyesha mguu, na mimi nilikuwa namwambia avae soksi."

Kisha akina mama wakaanza kuwavua watoto wao viatu, pale pale kwenye nyasi.

Mama Waithera, shosho, na jamaa wote, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nasi tujiulize ni maumivu gani ya watoto tunayoyafunika kwa kuogopa majirani.

Tulimwuliza Njambi kama tulibane jina lake. Akajibu, "Nimeshaficha vya kutosha."

Basi jioni ya leo, mtoto akivua soksi, mtazame nyayo.