Hawo Dagane, Aliyeyafikisha Maziwa Mlangoni

Baada ya miaka kumi na minane ya kazi, Mama Hawo Dagane, mchuuzi wa maziwa wa Depo ya Bwana Kassim hapa Garsen, atastaafu tarehe 30 Juni 1959. Wakazi wa mtaa wa Laini wameipokea habari hii kwa majonzi. Majogoo wa mtaa, ambao kwa miaka yote hiyo hawakupata nafasi ya kuwika wa kwanza, hawajatoa maoni.

Wageni waelezwe kwamba Laini ni zile nyumba za mabati nyuma ya kivuko, wanakokaa watu wa feri, vibarua wa barabara na matarishi wa ofisi. Zamani, aliyetaka maziwa alibeba sufuria yake hadi maboma ya wafugaji ng'ambo ya mto, akarudi jua limekwisha kuyaharibu. Kibarua angeipata wapi siku nzima ya kufuata chai? Maziwa yakawa ya wakubwa na wagonjwa. Kisha Mama Hawo, mjane kijana aliyeshuka kutoka Nanighi na ng'ombe wachache, akachoka kungoja wateja sokoni. Alimpakia punda vibuyu, akaingia Laini, akagonga mlango wa kwanza kwa kikombe cha bati. Bwana Kassim alipofungua depo hakuwa na la kumfundisha. Alimwajiri tu.

Kubisha hodi kwake kulikuwa taarifa, si ombi. Ukichelewa kufungua, utamkuta jikoni mwako anafunua vyungu na kukueleza kwa nini watoto wako wamekonda. Kiswahili chake nacho ni chake peke yake: "Maziwa iko! Ile nalala, nalala na njaa!" Tulicheka sana mwanzoni. Mwandishi wa wasifu huu, Nehemiah, karani wa depo na mtu aliyesoma misheni, alijikuta juzi akimwambia mkaguzi wa wilaya, "Chai iko, sukari kwisha." Alama zote nilizopata shuleni ameniharibia yeye.

Mwaka 1953 depo ilishona sare za kaki. Mama Hawo aliipokea yake kwa mikono miwili, akaigeuzageuza, akamshukuru Bwana Kassim kwa heshima zote. Kesho yake tukamwona punda ameivaa. Tuseme kweli, haijawahi kumkaa mtu vizuri namna ile. Na maziwa ya kopo yalipofika madukani, alilichunguza kopo lenye picha ya ng'ombe, akauliza huyo mnene hivyo analishwa wapi, maana malisho yote ya Minjila yeye anayajua na hajamwona.

Hata hivyo, si kila mlango ulimpenda. Buya, mvuta kamba wa feri, alitangaza mbele ya watu kwamba maziwa ya Mama Hawo yananuka moshi. Ni kweli yananuka: vibuyu hufukizwa kwa kuni ili maziwa yasiharibike upesi. Lakini Mama Hawo alilichukua neno hilo kama tusi la ukoo mzima. Karibu mwaka aliuruka mlango wa Buya, akipita mbele yake polepole kuliko kwingine, ili ajue vizuri anachokosa.

Kisha zikaja mvua za mwaka juzi. Mto ulipanda, feri ikafungwa, naye Mama Hawo akabaki ng'ambo kwenye maboma, alikokwenda kuchukua maziwa. Huku Laini, Mwanaarusi, mkewe Buya, alikuwa ametoka kujifungua mtoto wa kiume. Homa ikamshika, maziwa yake yakakauka. Malori hayakufika, na kopo la mwisho dukani lilikuwa limekwisha. Mtoto alipewa maji ya sukari. Kilio chake kikaanza kupungua, na kila mzazi wa Laini alijua maana yake.

Asubuhi moja Buya aliteremsha mtumbwi. Wenzake walimshika mikono, kwani mto ulikuwa unabeba miti na mizizi yake. Akawaponyoka. Alipofika ng'ambo, ameloa na anatetemeka, alimkuta Mama Hawo amesimama ukingoni na kibuyu kifuani, akitafuta wa kumvusha.

"Mama Hawo, nisamehe," alisema. "Mtoto wangu anakufa."

"Samahani ngoja," alijibu, akaingia mtumbwini. "Wewe piga kasia."

Mkondo uliwatupa mbali chini ya kivuko. Watu wa feri walipowaona wanarudi kwa miguu matopeni, Mama Hawo alikuwa mbele, kibuyu kichwani, na walimsikia akiuliza bila kugeuka, "Buya, hii maziwa nanuka moshi?"

"Yananuka udi, mama," Buya akajibu, analia.

Mama Hawo alimlisha mtoto kwa kijiko, kidogo kidogo, na hakutoka nyumba ile mpaka Mwanaarusi alipoweza kukaa na kumpakata mwanawe. Mtoto leo ni mzima na ana mbio. Maziwa yasiyo na moshi hayataki, na baba yake hathubutu kusema neno.

Sasa magoti ya Mama Hawo yamekataa matope, na njia yake ataishika binti yake Deka. Bwana Kassim alipomuuliza angependa zawadi gani, tulidhani atataja ng'ombe. Alisema anataka asubuhi moja tu aketi kwake, na mtu mwingine amletee yeye maziwa. Kwa hiyo tarehe 30 wanawake wote wa Laini wataandamana hadi nyumbani kwake, Mwanaarusi mbele na kibuyu. Tunajua atasema wamechelewa.

Ahsante, Mama Hawo. Watoto wetu wamekua kwa mkono wako. Nenda ukapumzike, Mungu akujaalie afya na miaka mingi yenye heri.