Leseni ya Kusikiliza Siri

Mgeni rasmi, Bwana Shauri, mkuu wa wilaya yetu, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi mlioacha palizi mkaja:

KARIBU

Sisi wavulana wa Bweni la Nzoia, hapa Bungoma, tunakupokea kwa furaha. Tumepiga deki hata chini ya vitanda, mahali ambapo serikali haijatazama tangu vita viishe.

HISTORIA

Mwaka jana, 1948, Mwalimu Bramwel aliteuliwa kuwa mshauri wa wanafunzi. Hakufanyiwa mtihani. Alikuwa na sauti ya upole na kiti cha ziada.

Mwezi uliopita mwenzetu Jairus Wabwile, mwana wa Chwele, alibisha mlangoni kwake. Tangu mamake afariki, alikuwa akikojoa kitandani, na alitaka kujua kama huo ni ugonjwa au ni huzuni. Jumapili tukasikia katika mahubiri yake habari za "kijana mmoja wa kitanda cha dirishani." Bweni letu lina dirisha moja.

Jairus alimngojea nje ya kanisa. "Mwalimu, si nilikuambia wewe peke yako?"

"Kwani nimetaja jina? Ukikasirika, shauri yako."

Aliomba shauri, akapewa shauri yako. Kesho yake alikwenda kwao, hajarudi, na mtihani wa mwisho unakaribia.

MAFANIKIO

Tunaye Kinyua, ambaye babake analima Kitale. Ukimweleza jambo husema "Ehe," basi. Tulimjaribu kwa siri ya uongo, kwamba mpishi anataka kumwoa nyanyake Festus anayewasomea haya. Mpaka leo mpishi anatupakulia vizuri.

MATATIZO

Hapa ndipo tunapotaka kujua. Mbwa ana leseni. Baiskeli ina leseni. Tumbaku ya Malakisi hukaguliwa jani kwa jani. Mbona anayeshikishwa moyo wa mtu hakaguliwi?

Tumebishana sana. Festus alisema, "Sheria iwepo! Anayetoa siri anyang'anywe kiti."

Mwenzetu Gikonyo akamjibu, "Ati leseni? Basi Kinyua atafungwa kwa kusema Ehe."

Na huyo mkaguzi, Bwana, atampima mshauri masikio au mdomo? Sisi tunadhani aanze na mdomo.

MAOMBI

Tunaomba sheria. Anayepewa cheo cha kusikiliza afundishwe na apimwe kwanza, na akitoa siri avuliwe cheo. Anayemsikiliza rafiki yake aachwe kama alivyo.

Lakini sheria huchukua muda, na mtihani hautangoji. Dadake Jairus, Nekoye, alipokuja kuchukua sanduku la nduguye alituambia, "Hataki pole ya kutumwa. Anataka aliyesema aje aseme kwamba alikosea."

Kesho gari lako linapitia Chwele. Tunaomba nafasi moja ndani yake. Kinyua amekwisha kufunga mzigo. Hata hivyo, Mwalimu Bramwel akiitaka nafasi hiyo, Kinyua atampisha.

Mungu alishike gari lako kwenye tope la njiani, na jioni alirudishe limejaa.

Ni sisi,
Wavulana wa Bweni la Nzoia
Msomaji: Festus Nakhungu