Picha za Harusi ya Dada

Kwenye basi la kutoka Tunduma, mwaka 1996, Zabron alimpa abiria wa pembeni yake, Abdulwahab mwenye studio ya picha, picha za harusi ya dada yake azitazame. Dada alikataa mpiga picha mwingine. Alimwamini kaka yake na kamera ya kuazima.

"Bibi harusi hana kichwa," alisema Abdulwahab, akishika nyingine. "Hapa uso giza tupu. Wewe ndiye ulipaswa kuligeuzia jua mgongo, siyo yeye. Aliyetoka vizuri ni mbuzi."

Zabron alikuwa akingoja sifa. "Sasa nianze kumwonyesha ipi, mzee?"

Abdulwahab alizipekua zote upya. "Hii, angalau anacheka. Ila mpe ukiwa umesimama mbali."

Basi likasimama Nanyala. Dada mwenyewe alikuwa kituoni, ameshanyoosha mkono apokee picha.