Zorobabel Kasika na Safari ya Kumpokea Mariette

Wachungaji, wazee, mafundi wa kinga, hizi baiskeli zetu, wa mtaa wetu, nanyi nyote mliopata viti na mliokosa, jamaa imenituma nisome maisha ya ndugu yetu, naye aliomba mapema yasirefushwe, kwa sababu, alisema, katika matanga yote aliyohudhuria hakuwahi kuona marehemu akiamka kupiga makofi.

Zorobabel Kasika alizaliwa Kipese, tarehe 9 Mei 1954, mtoto wa tatu wa mzee Mathe na mama Jemima, wakulima wa viazi. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, kuanzia 1961 mpaka 1967, akaendelea na sekondari Kayna mpaka mwaka wa tatu, ambapo masomo yalimwacha, au yeye aliyaacha, pande hizo mbili hazikuwahi kukubaliana, na mwaka 1971 akaja Butembo kujifunza kutengeneza baiskeli, kazi aliyoifanya maisha yake yote, akikunyooshea gurudumu na kukuchekesha kwa bei moja.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na Mariette Vagheni, binti wa Lubero, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Mungu hakuwapa mtoto, na sisi jamaa, tuseme ukweli, tulimsumbua aoe mwingine, naye kila mwaka alitujibu jibu lile lile: "Ataishi wapi? Mariette pekee anajaza nyumba kwa kelele."

Julai 1998 Mariette alipanda lori kwenda Kisangani kumhudumia dada yake aliyejifungua, akaahidi kurudi mwezi wa tisa, lakini mwezi wa nane vita vikafunga barabara. Miaka miwili Zorobabel alikaa peke yake, na jioni alikuwa anabishana na mkewe asiyekuwepo, akisema maneno yake, kisha akijibu kwa sauti ya Mariette, majirani wakicheka nyuma ya ukuta, mpaka jioni moja walipogundua kwamba Zorobabel anasema lakini Mariette hajibu tena, wakanyamaza na wao.

Mwisho wa Julai 2000 habari ikafika kwa phonie, ile redio ya kuitana, kwamba Mariette ametoka Kisangani kwa mguu pamoja na wachuuzi wa chumvi, anarudi nyumbani. Agosti ikasonga, hakufika. Basi tarehe 21 Agosti Zorobabel alifunga mto wa sponji kwenye porte-bagage, chuma cha mizigo nyuma ya kinga, akaushonea kitambaa cha maua, mke asikae kwenye chuma, akatoka Butembo, akapita Beni na Mangina, akaingia msituni kumpokea njiani.

Alilala kwa watu asiowajua, na hakuna aliyemfungia mlango. Mambasa alipokewa na mama mmoja muuza sombe, majani ya mihogo, ambaye aliuangalia ule mto wa maua akacheka.

"Papa, hii kiti ni ya nani?"

"Ya bibi yangu, mama. Mariette, mufupi, kelele mingi. Hamukumuona?"

Mama akaacha kucheka, akageukia sufuria. "Iko mbele, papa. Kula kwanza."

Epulu mwalimu mmoja alimpa kitanda chake, yeye akalala kwenye mkeka, akamwambia vilevile kwamba Mariette yuko mbele, apumzike, kesho ataendelea. Kwenye bariere iliyofuata, kizuizi cha barabarani, askari mmoja, aliyekuwa anakamua kila mpita njia, alisikia jina la Mariette, akamruhusu apite bila kutoa kitu, tena akampa sigara. Askari wa vita vile kukuachilia bure, donc, basi, hapo mtu mwenye akili angeogopa, lakini Zorobabel aliona tu ni siku njema, akapedali akiimba.

Tarehe 4 Septemba, mbele ya Nia-Nia, alifika kwa Papa Stanislas, mkulima wa mihogo, mtu wa kabila lingine kabisa. Stanislas alimpa maji ya kuoga, akamchinjia kuku, na kesho yake Zorobabel alipotaka kuondoka akamzuia: "Acha kinga yako ipumuzike, papa." Akamzuia na siku iliyofuata, akimpa kuku wa pili. Zorobabel hakujua kwamba mwenyeji wake ametuma watu barabara nzima wamtafutie Munande, mtu wa kabila la mgeni wake, Munande yeyote, hata mwizi.

Walimpata Gamaliel Lusenge, muuza sabuni kutoka Kayna, ambaye hakuwa amewahi kumwona Zorobabel wala mkewe. Gamaliel alikaa, akamsalimia kwa Kinande, akamuuliza habari za Kipese na za viazi, na ndipo, polepole, kama mtu wa nyumbani, akamwambia kwamba Mariette alifariki katika nyumba hii, tarehe 8 Agosti, kwa homa, mke wa Stanislas alimwosha kwa mikono yake, na amezikwa kando ya shamba. Kuanzia Mambasa wote walikuwa wanajua, wachuuzi wa chumvi walikuwa wamepita na habari hiyo.

Zorobabel aliponyanyuka alimkamata Stanislas shati.

"Siku mbili nakula kuku zako! Sababu gani hukuniambia?"

"Mi ni mugeni kwako, papa," akasema Stanislas, bila kujitoa. "Neno kama hiyo, mutu anaisikia kwa batu yake, kwa luga ya mama yake. Mugeni hapana leta."

Alirudi na mto mtupu. Nyumba zile zile zilimfungulia, na yule mama wa Mambasa akamlaki akilia: "Utanisamehe, papa. Niliona ile kiti, kinywa ikakataa." Akampikia tena, wakala pamoja.

Jamaa ilikusanyika kupanga jinsi ya kuleta mifupa ya Mariette Butembo. Zorobabel alikataa. Alisema: "Kule iko na batu, wanafagia kaburi yake kila wiki. Hapa iko na mimi tu." Tangu siku hiyo hatukumsikia akibishana na mtu yeyote.

Desemba 2002 watu wa Mambasa walipokimbia vita kwenda Beni, alikwenda huko na kinga yake, akazunguka katika mvua akimtafuta yule mama muuza sombe, hakumpata, akarudi na homa ya kifua. Aliingia hospitali tarehe 20 Januari 2003, akafariki tarehe 6 Machi, asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na nane.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake waliolinda vyombo vyake, majirani waliopika, na zaidi familia ya mgonjwa wa kitanda cha pili, ambao walimlisha kijiko kwa kijiko siku ambazo sisi, watu wa damu yake, tulikuwa sokoni.

Marehemu aliacha ombi moja tu, kaburi lake lifagiwe na mtu asiye wa ukoo. Ombi hilo linatuuma, na tunajua linatustahili. Basi kama hapa kuna mtu asiyetujua, aliyeingia kwa sababu ya mvua au kwa sababu ya chakula, tunamwomba asiondoke kabla hatujasema naye.

Ndugu yetu Zorobabel, hakuna tena wa kumwendea njiani. Pumzika sasa, amani ikukalie.